YULE SI LEWIATHANI, NA MUNGU HAKUTUOMBA TUMTETEE KWA UONGO



Leo sina neno la "pokea". Aliyekuja hapa kutafuta hilo anisamehe, atalipata kesho asubuhi Mungu akipenda. Leo nataka tugombane kidogo, na wa kwanza kugombezwa ni mimi mwenyewe.

Mnaukumbuka ule ujumbe uliozunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Picha mbili. Ya kwanza ni mzoga mkubwa unaning'inia kwenye kamba za meli, shingo ndefu, kichwa kidogo. Ya pili ni mataya ya mnyama yamelala kwenye jiwe, meno kama vigingi vya hema. Chini yake maneno: wanasayansi wamempata Lewiathani wa Ayubu 41, wanamficha ili watu wasiamini Biblia, tuma kwa watu kumi.

Mimi nilituma kwa zaidi ya kumi. Kisha nikaupandisha mimbarini. Kanisa likasimama, kinanda kikapanda, nikapiga kelele kwamba sayansi imepiga magoti. Ilikuwa ibada tamu, siwezi kukataa.

Baada ya ibada binti mmoja wa kidato cha tatu akanijia, ameshika simu kwa mikono miwili. Akasema, "Pasta, samahani. Hizo picha nimezitafuta. Ya kwanza ni papa. Ya pili ni mosasauri, tena fuvu lake liko Paris, halijafichwa." Mashemasi walikuwa wamesimama pale. Nikaona aibu, na mtu mzima akiona aibu mbele ya mtoto hukimbilia cheo chake. Nikamwambia hiyo ni roho ya mabishano, imeingia kwa vitabu vya shule, akafunge na kuomba. Akanijibu, "Sawa, Pasta." Akaenda.

Hajarudi. Mwezi wa tatu sasa. Mama yake anakaa kiti kilekile, mstari wa tatu, na nafasi kando yake iko wazi. Wiki iliyopita aliningoja mlangoni akaniuliza polepole, "Pasta, ulimwambia nini mtoto wangu?"

Nilirudi nyumbani sikula. Nikafanya kile ambacho ningefanya kabla ya kupanda mimbarini: nikaketi nikasoma.

Sasa sikiliza nilichokuta.

Tarehe 25 Aprili 1977, meli ya uvuvi ya Japani iitwayo Zuiyo Maru ilikuwa baharini, mashariki ya Christchurch, New Zealand. Wavu ukaleta mzoga uliooza wenye urefu wa mita 10 hivi, uzito karibu kilo 1,800. Nahodha akaogopa kwamba uvundo utaharibu samaki wake, akaamuru urudishwe majini. Kabla haujatupwa, mfanyakazi mmoja wa kampuni, Michihiko Yano, akapiga picha chache, akapima, na akakata nyuzi kutoka kwenye pezi. Magazeti yakalipuka: plesiosauri, yule mnyama wa kale mwenye shingo ndefu, bado yu hai!

Lakini zile nyuzi zilipimwa kwenye maabara, na kemikali zake zikafanana na za papa. Kuna papa mmoja mkubwa sana, mpole, anayekula viumbe vidogo kwa kuchuja maji kwa matamvua yake. Akifa na kuanza kuoza, taya la chini na matamvua huwa ya kwanza kuanguka. Kinachobaki ni fuvu dogo na uti wa mgongo mrefu mbele ya mapezi, na ukiangalia kwa mbali utaapa umeona shingo. Mwaka 1999 hata Wakristo wanaopinga nadharia ya mageuzi, watu ambao wangefurahi kuliko wote kumpata plesiosauri hai, waliandika kwenye jarida lao wenyewe kwamba yule ni papa na ule mjadala uachwe. Wale walikuwa na hofu ya Mungu. Mimi, miaka mingi baadaye, nilikuwa nampandisha papa aliyeoza madhabahuni na kumwita ushahidi.

Ya pili ndiyo iliyonishika zaidi, kwa sababu huyo mnyama alikuwepo kweli.

Katika miaka ya 1770, nje ya mji wa Maastricht, Uholanzi, wachimba mawe ya kujengea walikuta ndani ya mlima fuvu la mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Fuvu hilo likaishia mikononi mwa Godding, mtu wa kanisa, padre mwenye cheo mjini humo. Mwaka 1794 majeshi ya Ufaransa yalipouteka mji yakalichukua hadi Paris, na mpaka leo liko kwenye jumba la makumbusho la historia ya viumbe. Ukiwa na nauli, unalipa kiingilio, unaliona. Ndilo hilo "wanaloficha".

Wakaanza kuuliza ni mnyama gani. Daktari mmoja wa jeshi, Hoffmann, akasema ni mamba. Msomi mkubwa, Petrus Camper, akasema hapana, ni nyangumi.

Hapo simama kidogo. Fungua Biblia yako ya Union, ile iliyotoka 1952. Nenda Ayubu 41, sura ambayo ujumbe ule uliitaja. Tafuta neno Lewiathani. Humo hulikuti, watafsiri wetu waliandika mamba. Rudi Mwanzo 1:21, pale Mungu anapoumba wale wakubwa wa baharini. Watafsiri wetu waliandika nyangumi. Mamba na nyangumi! Wazee wetu walikuwa na neno la Kiebrania mbele yao, madaktari wale walikuwa na mfupa mbele yao, na wote walishika kile walichokijua ili kutaja kile wasichokijua. Hakuna dhambi hapo. Dhambi inaanza pale unapoambiwa umekosea nawe unataka kumfunga mdomo aliyekuambia.

Aliyepatia alikuwa mtoto wa huyo Camper, Adriaan. Aliiangalia mifupa ya baba yake akaona baba amekosea, na mwaka 1799 akaandika kwamba huyu si mamba wala nyangumi, ni jamaa ya kenge. Ndiyo, kenge, huyu huyu unayemkimbiza na fimbo mtoni akila mayai ya kuku. Mwaka 1808 Cuvier, bingwa wa mifupa wa Paris, akathibitisha kwamba kijana yuko sahihi. Wahenga wetu walisema kwenye msafara wa mamba kenge hawakosi. Sikujua kama Wazungu walihitaji miaka 30 kulikubali.

Na jina? Aliyempa jina Mosasaurus, yaani mjusi wa mto Meuse, mwaka 1822, ni William Conybeare. Kazi yake ilikuwa nini? Mchungaji. Kasisi wa Kanisa la Anglikana huko Uingereza. Jumapili anahubiri, siku nyingine anapima mifupa. Kwa hiyo unaponiambia mosasauri ni njama ya wasioamini kuangusha kanisa, jua kwamba mmoja wa kwanza kulishika fuvu lake ni padre, na aliyempa jina ni pasta.

Sasa mtazame mnyama mwenyewe, kwa sababu ninapenda ufurahi kama nilivyofurahi. Mosasauri wa Maastricht alizidi mita 12 kwa urefu. Ukipanga matatu mbili za abiria 14 kichwa kwa mkia bado hujamfikia. Miguu yake yote minne ilikuwa makasia. Alivuta hewa kama wewe, akapanda juu kupumua, akashuka. Hakutaga mayai ufukweni, alizaa watoto hai majini. Juu ya kaakaa alikuwa na safu ya pili ya meno, kama nyoka, ya kumzuia aliyemezwa asirudi nje. Taya la chini lilikuwa na kiungo katikati, likipanuka. Alikula samaki, kasa, na hata ndugu zake: huku kwetu Afrika, pwani ya Bentiaba nchini Angola, amechimbwa mosasauri mmoja ambaye tumboni mwake mlikuwa na mabaki ya mosasauri wengine watatu.

Watatu! Halafu sisi tunafikiri Mungu anahitaji tumwongezee maajabu.

Je, ndiye Lewiathani? Usiniulize mimi, soma sura. Ayubu 41 inamsifu mnyama ambaye magamba yake ni safu za ngao zilizobanana, hata upepo hauingii katikati. Ngozi ya mosasauri imepatikana ikiwa imeacha alama kwenye mawe, na magamba yake ni madogo madogo, kama ya nyoka. Mstari wa 30 unasema tumbo lake linaacha alama kwenye matope kama chombo cha kupuria nafaka. Mwenye makasia badala ya miguu, aliyeishi bahari kuu, atapita matope gani? Na tena Mungu anamuuliza Ayubu kuhusu mnyama anayemtisha Ayubu wakati ule. Mosasauri alitoweka pamoja na dinosauri. Mwamba wa Maastricht ni mashuhuri kiasi kwamba wataalamu wa miamba wanakiita kipindi chote cha mwisho cha dinosauri kwa jina la mji huo, na wanakadiria kiliisha miaka milioni 66 iliyopita. Mifupa ya mosasauri imetoka Ulaya, Marekani, Morocco, Niger. Haijawahi kutoka mahali pamoja na mfupa wa binadamu.

Najua hapo kwenye miaka milioni baadhi yenu mmekunja uso. Kuna mzee wangu mmoja wa kanisa anashikilia siku sita za saa 24, nami ninamheshimu, tutaendelea kuomba pamoja Jumatano. Sikufukuzi kwa hilo. Ninachokukataza ni kitu kimoja: usilete kwenye madhabahu ya Mungu picha ya uongo ili ushinde mabishano hayo.

Nilipowaambia watumishi wenzangu kwamba nitarudisha maneno yangu, simu yangu haikupoa. Mmoja akasema nitawapa wapagani nguvu. Mwingine, rafiki yangu wa miaka mingi, akaniandikia: "Pasta, hata kama si kweli, ule ujumbe uliwafanya watu waamini."

Hata kama si kweli. Nimeyabeba maneno hayo siku nne.

Ndugu yangu, waliamini nini? Waliamini papa. Siku watakapojua ni papa, utawaambia waamini nini? Umemwekea mtu msingi wa mzoga halafu unashangaa nyumba inanuka.

Na Biblia uliyodai kuitetea, uliisoma? Kitabu hicho hicho cha Ayubu, sura ya 13 mstari wa 7, Ayubu anawauliza marafiki zake kama kweli watasema hila kwa niaba ya Mungu. Walikuwa wanamtetea Mungu, wale watatu. Walikuwa na mahubiri mazuri kuliko yangu na yako. Sasa ruka hadi sura ya 42 mstari wa 7. Mungu anakasirikia nani? Si Ayubu mwenye maswali. Anawakasirikia mawakili wake! Anawaambia hawakunena yaliyo sawa juu yake, na anawatoza ng'ombe waume saba na kondoo waume saba, kisha wakaombewe na yule yule waliyekuwa wanamkemea. Ile amri ya kutoshuhudia uongo haina kifungu cha pembeni kinachosema "isipokuwa kwa faida ya kanisa".

Wako wengine sitawaita ndugu. Yupo aliyechukua picha ileile ya papa akaibandika kwenye bango: siku tatu za kuvunja roho ya Lewiathani ya baharini, na chini yake till namba. Mama wa kuuza mboga anatoa faida ya siku yake kwa ajili ya kufunguliwa kutoka kwa papa aliyekufa 1977. Ninaamini pepo wako, nimewakemea na wameondoka. Lakini mfupa ulio kwenye jumba la makumbusho si jini, na anayekuambia ni jini huku ameshika namba ya malipo, wewe ndiye unayevuliwa, kwa ndoana ambayo Ayubu 41 inasema haimvui mamba.

Nataka niwaambie pia kuhusu mtoto mwingine, kwa sababu alinifanya nilie. Huko Lyme Regis, pwani ya kusini ya Uingereza, palikuwa na binti wa fundi seremala, Mary Anning. Familia yake hawakuwa wa kanisa kubwa la serikali, walikuwa wa kikanisa kidogo cha wanaojitenga, watu kama sisi. Kusoma na kuandika alijifunza kwenye shule ya Jumapili ya kanisa hilo. Baba alikufa 1810 akaacha madeni. Mwaka uliofuata kaka yake akaona fuvu kwenye jabali la pwani, na Mary, ana miaka 12 hivi, akaitafuta na kuipata mifupa iliyobaki: ikthiosauri, mwindaji mwingine wa bahari ile ya kale. Mwaka 1823 akafukua plesiosauri mzima. Cuvier, yule yule bingwa wa Paris, alipoona mchoro, shingo ndefu vile, akashuku ni bandia, mifupa imeunganishwa na mtu. Ikajadiliwa kule London, na Conybeare mchungaji alikuwa mmoja wa walioutetea ukweli wa mifupa ile. Cuvier akakubali amekosea. Bingwa wa Ulaya nzima, mbele ya binti wa seremala aliyesomea shule ya Jumapili.

Nami sikuweza kukubali mbele ya binti wa kwaya.

Angalia hesabu hii, mzazi. Mtoto wako ana simu. Ukimwambia neno juu ya papa, analikagua kabla hujamaliza sadaka. Lakini kaburi tupu halikagui. Kwamba Yesu alifufuka siku ya tatu, hilo analipokea kwa ushuhuda: wa mitume, na kisha wako wewe na wangu mimi, watu anaowajua. Sasa tukishikwa na uongo kwenye jambo linaloweza kukaguliwa, kwa nini atuamini kwenye lile lisiloweza? Wasioamini hawakumtoa yule binti kanisani. Mwalimu wake wa Bayolojia hakumtoa. Nilimtoa mimi, kwa kipaza sauti, nikiwa nimejaa upako.

Halafu wengine wenu mnaogopa kwamba mnyama kutoweka kunamwaibisha Muumba. Hofu hiyo si ngeni, hata zama za Cuvier walikuwepo waliosema Mungu hawezi kuacha aina nzima ya viumbe wake ipotee. Someni Zaburi 104. Humo Lewiathani ametajwa kwa jina, na kazi aliyopewa ni kucheza baharini. Hakuumbwa awe hoja ya mahubiri yangu. Na mistari mitatu mbele, zaburi hiyo hiyo inasema Mungu akiondoa pumzi yao wanakufa na kurudi mavumbini. Mtunga zaburi hakushtuka.

Jumamosi nilienda nyumbani kwa yule binti, mimi na mama mchungaji. Tukapewa chai na mihogo. Mama yake akatoka nje kidogo kutuachia nafasi, nikamwambia binti kwamba alisema kweli nami nilimwaibisha kwa sababu ya kiburi changu, na roho ya mabishano ilikuwa yangu. Hakulia, hakunikumbatia kama kwenye filamu. Alikuwa anachezea kikombe. Kisha akauliza swali moja tu: "Pasta, utasema hivyo mimbarini, ama umeniambia hapa tu?"

Nitasema mimbarini. Jumapili hii, ibada ya kwanza na ya pili, kabla ya neno. Picha zitawekwa kwenye ukuta na nitaeleza papa ni yupi na mosasauri ni yupi. Baada ya ibada ya pili vijana wabaki, walete maswali yote ambayo mliambiwa msiulize, na mashemasi nimewaomba wakae nyuma na wasimkemee mtu. Mandazi yatakuwepo.

Na wewe unayesoma, kama picha ile ulitumiwa na mimi, ifute. Halafu ingia kwenye simu yako uwatafute wale kumi.

Mchungaji wenu.